Kimya cha Mama Sosana

Wengine huanza kwa kusema, "Inasimuliwa kwamba..." Hao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimeketi juu ya ukuta, na macho yangu haya yaliona kila kitu. Kwamba mambo yenyewe yalitukia zamani za kale, katika kijiji cha waumini kandokando ya mto Nili, nchi ya Nubia, kusiwasumbue. Umri wangu ni siri yangu na Muumba.

Kijijini humo aliishi mjane mcha Mungu, Mama Sosana, ambaye kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa Meza ya Bwana. Desturi yao ilikuwa kwamba mwenye kukanda hasemi hata neno moja, tangu achote unga hadi mkate utoke tanuruni. Akisema, mkate si mtakatifu tena, na kazi hupewa mwingine. Sosana hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kazi hiyo tu. Kwa kimya chake watu walimwita mtakatifu, naye, Mungu amsamehe, alipenda kuitwa hivyo.

Mkesha wa Pasaka, asubuhi, alikuwa akikanda uani. Jirani yake Bi Damiana akachungulia ukutani.

"Ee mtakatifu wa unga! Nyuki akikuuma leo, utalia kwa ishara?"

Sosana akauma meno, akakanda.

"Haya, nyamaza, mama. Hata punda wangu hunyamaza, na hatujamtangaza mtakatifu!"

Damiana akaingia ndani kwake akicheka. Kicheko hakijaisha, boriti iliyoliwa na mchwa ikakatika, dari la udongo likamshukia. Sosana akakimbilia huko, mikono imejaa unga. Akamkuta jirani amezimia, boriti kifuani. Akainua, haikuinuka. Wanaume wote walikuwa mtoni. Akawaza: nikisema, kesho hakuna mkate, na mimi si kitu tena. Akamtazama Damiana, midomo inageuka rangi.

"Jamani ee! Njooni! Dada yangu anakufa!"

Kule mtoni walisikia yowe tu, si maneno. Wakaja mbio, wakamtoa mzima, mguu umevunjika. Wakamshukuru Mungu aliyempa Damiana nguvu ya kupiga yowe, maana yeye mwenyewe hakukumbuka lolote. Hakuna aliyemuuliza Sosana. Akarudi, akanawa, akaoka. Mkate ukaiva vizuri kuliko siku zote. Nani ajuaye? akajisemea. Mwenye mkate anajua, moyo ukamjibu. Hakula chakula siku ile.

Pasaka ilipofika, mbele ya waumini wote, akamkabili Kasisi Pisenti.

"Baba, usiuweke madhabahuni. Nilisema."

Minong'ono ikaenea kanisani.

"Ulisema nini, binti yangu?"

"Niliita watu. Yowe lile halikuwa la Damiana, lilikuwa langu. Kazi mpe mwingine."

Kasisi akaupokea mkate. "Tulikupa kimya ili kinywa chako kiwe cha Bwana. Jana alikihitaji. Ungemnyima?"

Machozi yakamtoka Sosana. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye kitanda walichomleta nacho majeruhi:

"Baba, kama mkate huo ni mchafu, nileteeni mimi mchafu mwenzake! Na wewe Sosana, kumbe una sauti kubwa hivyo, siku zote ulikuwa unaibania nini?"

Kanisa zima likacheka, kasisi akiwamo. Mkate ukawekwa madhabahuni, njiwa mweupe akaingia dirishani akatua juu ya madhabahu, na wa kwanza kupokea akawa Damiana. Kazi yake Sosana akabaki nayo.

Enyi wapendwa, kutengwa kwa ajili ya Mungu si kutengwa na jirani. Anayejilinda asichafuke hadi mwenzake afe mlangoni, huyo ni msafi tu. Utakatifu bado hajauonja.

Haya ndiyo niliyoyaona. Ila yule njiwa, wapendwa, nimemtia mimi. Niliogopa kwamba mwanamke kusema kweli mbele ya watu mngeona ni muujiza mdogo.