Zizi Halitaji Mwenye Ng'ombe

Zizi halitaji mwenye ng'ombe. Juzi mlimsikia Malugu akimwambia yule dalali wa mnadani maneno hayo, mkacheka bila kujua mnachocheka. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi, hapahapa kwetu Ugogo, mwaka ambao mvua ilinyesha mara mbili ikakoma.

Palikuwa na mjane jina lake Sechelela, mwenye watoto wanne na zizi la ng'ombe kumi na wanane. Hakuwa na ng'ombe wake mwenyewe hata mmoja. Wote walikuwa wa mzee Chibago, na desturi yetu mnaijua: mwenye mifugo mingi haiweki mahali pamoja, maana ugonjwa ukiingia utaifagia yote. Huigawa kwa majirani. Anayekaa na ng'ombe wa mwenzake hunywa maziwa na hutia samadi shambani. Kumuuza au kumchinja ni mwiko. Mwaka huo maziwa yenyewe yalikauka, na Sechelela aliwakorogea watoto uji mwepesi kama maji ya kunawia.

Ndipo akaja Bwana Andasi, mgeni kutoka ng'ambo, kuandika watu wa kupewa mahindi ya msaada. Msimseme vibaya. Alikuwa mtu mwema, alitembea juani mpaka shingo ikambabuka, na Kiswahili alikijua. Ila alikuja na kipimo chake kutoka kwao: mwenye zizi lililojaa ni tajiri, mwenye zizi tupu ni maskini.

Alipofika kwa Sechelela alichungulia zizini, akatabasamu.

"Mama, wewe Mungu amekujalia. Uza ng'ombe mmoja, watoto watakula hadi mavuno."

"Si wangu, bwana. Nimewekeshwa tu."

Bwana Andasi alikuwa amekwisha kusikia uongo wa kila namna tangu asubuhi. Akampa pole, akapita bila kumwandika. Sechelela akabaki ameshika mti wa mlango wa zizi. Kumtoa mmoja na kumfikisha mnadani ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na ndani mtoto mdogo alikuwa akilia njaa. Moyo ulimwuma sana, lakini hakufungua.

Kwa mzee Chibago mgeni alikuta nyumba ya tembe inayobomoka, zizi lenye mbuzi wawili, na mzee mwenye shuka la viraka. Machozi yakamlengalenga. Akaliandika jina la mzee juu kabisa.

Siku ya kugawa, jina la kwanza likasomwa: "Chibago!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu mwenye ng'ombe mia tatu katika mazizi ya vijiji vitano! Sechelela peke yake hakucheka. Alipita mbele.

"Bwana, ng'ombe ulionihesabia mimi ni wa huyu uliyemlilia. Nilikwambia, hukuniamini."

Andasi akamgeukia mzee. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, bwana. Ulitazama zizi ukaandika. Tena aliyekuja kuhesabu ng'ombe kabla yako alikuwa mtoza kodi. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza, na wanangu wakalala njaa!" Sechelela alimsogelea. "Ng'ombe wako nimewalinda usiku na mchana, nao wameninyima mahindi. Zizi halitaji mwenye ng'ombe, baba. Lakini wewe mdomo unao."

Kicheko kikakatika. Chibago aliinamisha kichwa, akalinyanyua gunia la mahindi aliloitiwa, akalibeba begani mpaka kwa Sechelela, mzee wa miaka sabini, watu wote wakimtazama. Alipolitua aliingia zizini akamshika mtamba mwekundu.

"Huyu ni wako, mwanangu. Muuze, mchinje, mfuge, usiniulize."

Bwana Andasi naye aliona aibu, na hakuificha. Aliichana karatasi yake, akamwomba Sechelela afuatane naye, akaanza upya nyumba kwa nyumba. Safari hii hakuchungulia zizi la mtu. Alivua kofia, akaketi, akauliza, "Hapa mnakunywa maziwa ya ng'ombe wa nani?" Kazi ya siku mbili ikamchukua wiki mbili.

Sasa turudi kwa dalali wenu. Alimwona Malugu na ndala zake zilizokatika, akamfukuza asizuie wanunuzi, kisha akaenda kubembeleza bei kwa kijana mwenye koti aliyeshika fimbo. Kumbe kijana ni mchungaji tu, na kundi zima ni la Malugu. Ndipo akaambiwa: zizi halitaji mwenye ng'ombe.