Kwa Lami Kidole, kwa Matope Ngumi

Waliosema usisafirie nyota ya mwenzio walikuwa watu wa kutazama juu kabla ya kuondoka, kila mmoja akijua nyota yake ilipo na inakompeleka. Siku hizi mjini Juba msafiri hatazami juu. Hutazama chini, kwenye tairi. Hata hivyo maana haijabadilika hata chembe: njia uliyopewa wewe siyo aliyopewa jirani yako, na kinachomfikisha yeye salama chaweza kukutupa wewe mtaroni. Nyaduoth aliijua methali hiyo tangu alipokuwa shuleni Eldoret, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa zima. Lakini kijicho kikishampanda mtu kichwani husahau hata jina lake, sembuse insha.

Nyaduoth alikuwa mkunga katika kliniki ndogo ya mtaa wa Kator. Wakunga walikuwa wawili, yeye na Rejoice. Nyaduoth alikuwa Mnuer aliyelelewa Kenya, na Rejoice alikuwa binti wa Kajo-Keji aliyekulia ukimbizini Uganda. Hakuna aliyejua lugha ya mama ya mwenzake, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mtu na cha kwake, wakaelewana vizuri tu. Mwaka uliopita khawaja mmoja, yaani mzungu, na mkewe walipita Juba wakiizunguka Afrika kwa pikipiki mbili kubwa za safari, zilizofanana kama mapacha. Mke akashikwa na malaria kali, wakunga hao wakamuuguza mpaka akasimama. Siku ya kuondoka wageni wale walipanda ndege, pikipiki wakawaachia wakunga kwa shukrani.

Kazi ikagawanywa. Rejoice alipewa upande wa barabara ya Nimule, lami tupu. Nyaduoth alipewa upande wa Lemon Gaba na vijiji vilivyo mbele yake, ambako mvua ikinyesha udongo mweusi hukushika mguu kama ugali ambao haujaiva. Hakunung'unika. Kaka yake wa pekee, Gai, aliishi huko, na njia ile aliiona ni ya nyumbani.

Mambo yaliharibika siku Rejoice alipobadilisha magurudumu. Siku hiyo Nyaduoth hakula mchana.

Magurudumu ya zamani yalikuwa ya spoki, vile vijiti vyembamba vya chuma, yenye tairi nyembamba za meno makubwa, na madigadi ya mbele, kile kifuniko cha kuzuia matope, ilikaa juu mbali na tairi. Yale mapya ya Rejoice yalikuwa ya aloi, meusi ti, yamezungushiwa mstari wa rangi ya dhahabu. Tairi zilikuwa pana, laini, zisizo na tyubu, na madigadi ilishuka ikaikumbatia tairi kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Alipoingia uani pikipiki haikutikisika hata kidogo. Akina mama waliokuwa wakingoja kliniki walipiga vigelegele, na kabla jua halijatua walikwisha kumbandika jina: Malkia wa Lami.

Nyuma yake akaingia Nyaduoth, matope mpaka kwenye taa. Akina mama walewale wakakusanya lawa zao, zile shuka wanazojifunga begani, zisije zikapakwa.

Roho ilimuuma. Rejoice hakuwa amemkosea lolote, na hilo ndilo lililozidi kumchoma, maana angalau angekosewa angepata la kusema. Alianza kuhesabu nani kamsalimu Rejoice kwanza na nani kamsalimu yeye baadaye. Mjamzito akiuliza, "Malkia yuko?" Nyaduoth alijibu, "Huyo malkia kwani ndiye atakayekuzalisha peke yake?" Kisha alijionea aibu, na kesho yake akarudia vilevile. Hasidi hana sababu.

Mwisho uzalendo ukamshinda. Akaenda kwa Jepchirchir, fundi wa Kikenya aliyekuwa na karakana karibu na bandari ya mtoni, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa grisi na ulimi usiobembeleza mteja.

"Nataka kama ya Rejoice," Nyaduoth alisema. "Sawa sawa kama ya Rejoice, na hiyo madigadi pia."

"Nina seti moja imebaki," Jepchirchir alijibu. "Lakini sista, hii ni ya lami." Akapiga magoti kando ya seti ile, akapitisha kidole kati ya tairi na madigadi. "Angalia. Kwa lami, kidole kikipita hapa, inatosha. Kwa matope lazima ngumi ipite, ndiyo udongo upate mahali pa kutokea. Haya, weka ngumi yako."

Nyaduoth aliweka. Ngumi ikagota.

"Na si ni wewe unapitanga Lemon Gaba?"

"Napita."

"Spoki ikipinda huko ndani, unaigonga na nyundo unaenda. Wewe mwenyewe si uliwahi kuigonga? Aloi ikipasuka, imepasuka."

"Jepchirchir, niuzie ama nitafute kwingine. Kwani Rejoice ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana lami," fundi alimjibu.

Maneno hayo yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Kabla ya adhuhuri pikipiki ilikuwa imevishwa viatu vipya, na magurudumu ya zamani yakabaki karakanani yameegemezwa ukutani kama watu waliofukuzwa kazi. Nyaduoth hakuyaaga.

Majuma mawili mvua haikunyesha, na kwa majuma hayo mawili alijiona yuko peponi. Vigelegele alipigiwa. Barabara ya vumbi ilipita chini yake bila kishindo. Kitu kimoja tu kiliitia dosari raha hiyo. Rejoice alipoyaona magurudumu yale alimkumbatia, akacheka kwa moyo mweupe. "Dada, hii iko smart sana! Sasa tunafanana!" Nyaduoth alitaka Rejoice aone wivu, walau kidogo, wa kumkosesha usingizi siku moja. Hakuona. Nyaduoth akarudi nyumbani amekasirika, asijue amkasirikie nani.

Sasa, Gai alikuwa na mke, jina lake Nyakong. Miaka miwili kabla ya hapo Nyakong alijifungua peke yake, mtoto akatanguliza makalio, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpokea, alifariki kabla ya kulia. Nyaduoth alifika siku hiyo kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa. Aliapa mbele ya wifi yake kwamba mtoto wa pili atampokea kwa mikono yake mwenyewe, mvua inyeshe, jua liwake. Nyakong naye akaahidi, "Akiwa msichana, wifi, ataitwa jina lako." Ahadi hiyo Nyaduoth aliitunza kama mboni ya jicho. Siku za kinyongo alijiliwaza nayo: Rejoice ana jina la Malkia, lakini mimi nitakuwa na mtoto mwenye jina langu.

Mvua ilinyesha usiku kucha wa kuamkia Jumapili. Kulipopambazuka, simu ikalia. Alikuwa Gai.

"Dada, uchungu umeanza. Na ni kama ile mara ya kwanza. Njoo."

"Nakuja. Niko njiani."

Alichukua begi lake la kazi, akatoka shoti. Mpaka nyumba za mwisho za Lemon Gaba mambo yalikuwa shwari. Akaingia kwenye udongo mweusi. Hakwenda hatua mia moja. Udongo ulipanda na tairi, ukaingia chini ya ile madigadi nzuri, ukashindiliwa humo mpaka gurudumu la mbele likakataa kuzunguka. Pikipiki ikateleza ubavu, naye akaanguka juu ya mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikalia kama kuti kavu.

Alipoinuka, mkono ulikuwa umeanza kuvimba. Akatafuta kijiti, akachokoa udongo kwa mkono wa kushoto, akaisukuma pikipiki hatua kumi. Gurudumu likakwama tena. Akachokoa tena. Mara ya tatu kijiti kikavunjika, akachokoa kwa kucha.

Simu ikalia. "Dada, uko wapi?"

"Karibu, Gai. Karibu sana."

Alikuwa amedanganya. Alijua la kufanya: kupiga simu kliniki, amwite Rejoice. Alikishika kidude cha simu akakitazama, na kila alipotaka kubonyeza jina lile, roho ilikataa. Amwite Rejoice aje amkute hivi, matopeni? Rejoice ampokee mtoto wake, mtoto wa ahadi? Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kuchimba, huku jua likipanda na wifi yake akiumwa.

Gai hakungoja. Alipiga simu kliniki mwenyewe.

Nyaduoth alisikia mngurumo nyuma yake, akageuka. Pikipiki pacha ya ile yake ilikuja ikiyumba taratibu juu ya udongo, tairi zake nyembamba zikitupa matope huku na huko bila kusimama. Ilikuwa na madigadi ya juu. Na kwenye rimu ya mbele palikuwa na kibonyeo ambacho Nyaduoth alikijua vizuri, maana nyundo iliyokinyoosha aliishika yeye.

"Malesh, dada," Rejoice alisema akishuka. "Pole sana. Gai amepiga simu."

"Haya magurudumu ni yangu," Nyaduoth alisema. Hakupata neno lingine.

"Ni yako. Yangu ya zamani nilikuwa nimeuza, nikanunua haya kwa Jepchirchir siku ile uliacha. Lami iko na yake, matope iko na yake. Juzi niliona mawingu, nikabadilisha." Akamsogezea usukani. "Chukua, uende. Ni wifi yako."

Nyaduoth akashika usukani. Vidole vya mkono wa kulia vikakataa kufunga. Wakajaribu kupanda wote wawili, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Wakashuka, wakalivuta. Wakasimama wakitazamana, na muda ulikuwa unakwenda.

Hata hapo, msomaji, kijicho hakikuwa kimekufa. Sauti ndogo ilimwambia: ngoja kidogo, mkono utapoa. Kisha akakumbuka kile kikaburi kidogo nyuma ya nyumba ya Gai, na sauti ile ikanyamaza. Akavua begi begani, akamvika Rejoice.

"Nenda," alisema, machozi yakimlengalenga. "Wa kwanza alitanguliza makalio. Mkague kabla ya kitu kingine chochote. Nenda, Rejoice, usinitazame!"

Rejoice akaenda. Nyaduoth alivua viatu, akafuata kwa miguu, guu mosi guu pili, ameukumbatia mkono wake kifuani. Alitembea zaidi ya saa moja. Njia nzima alikuwa akiomba, na safari hii hakuomba jina.

Alimkuta Gai nje, amekaa chini, anacheka na kulia kwa pamoja. Ndani, Nyakong alikuwa amelala, na Rejoice alikuwa ananawa mikono.

"Alitanguliza makalio, kama ulisema," Rejoice alimwambia kwa sauti ya chini. "Na kitovu ilikuwa imezunguka shingo. Dakika kumi tu zaidi, dada, na sasa tungekuwa tunalia."

Nyaduoth akajongea kitandani. "Wifi, nisamehe. Nimechelewa."

"Umekuja," Nyakong alisema. "Ni msichana."

Nyaduoth alijua, lakini aliuliza. "Anaitwa nani?"

Nyakong aliinamisha macho. "Rejoice," akasema. "Gai amekwisha kuwaambia majirani. Aliyempokea ndiye mwenye jina."

Asikudanganye mtu, jina hilo lilimuuma Nyaduoth kuliko kifundo. Akanyoosha mkono wa kushoto, akampokea mtoto, akamtazama. Alikuwa amefumba macho na kukunja ngumi, ngumi yenyewe ndogo kama ndimu. Ndipo akayakumbuka maneno ya Jepchirchir, akaikumbuka ile madigadi nzuri huko nyuma matopeni. Hata ngumi ya kitoto hiki isingepita pale.

"Karibu, Rejoice," alimwambia mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi kulitamka jina hilo bila uchungu mdomoni.

Rejoice mkubwa akamgusa bega. "Kesho twende kwa Jepchirchir, nikurudishie magurudumu yako."

Nyaduoth akaitikia kwa kichwa. Magurudumu angerudishiwa, na mkono ungepona. Jina la mtoto lilikuwa limekwisha kutolewa, wala halina fundi wa kulibadilisha. Aliyewahi kuiandikia methali insha akasifiwa, siku hiyo aliisoma upya akiwa miguu mitupu, matope magotini: usisafirie nyota ya mwenzio.