Ufunguo wa Ghala la Kunde

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na shule, aliishi Pimbi mmoja mjane, jina lake Mama Sidi. Kazi yake ilikuwa kuwapikia wanafunzi.

Kila nyumba ilipeleka shuleni mahindi na kunde. Mahindi yalifika sufuriani, kunde hazikufika. Mzee Nyati, mwenyekiti wa shule, ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala, akiuvaa shingoni. Alikuwa ameamua kwamba kunde ni za wakubwa wafanyao kazi nzito. Watoto hukaa tu darasani, uji mweupe unawatosha. Wazazi walinung'unika pembeni, lakini nani angesimama mbele ya pembe zile?

Siku moja Sidi, binti yake Pimbi, aliitwa kusoma ubaoni. Akaanguka, pu! Mama yake alimbeba hadi nyumbani, na alipohisi jinsi mtoto alivyo mwepesi mgongoni, hata kulia alishindwa.

Kesho yake alikwenda kwa Nyati. Hakulalamika. Alimwamkia kwa heshima, akamwambia kuwa watoto wa shule wanajigamba wana nguvu kumshinda yeye.

"Watoto gani hao?" Nyati akauliza.

"Wote, mzee. Wanasema wanakunywa uji mweupe, wanapanda vilima viwili kuja shule, na kutwa wanasoma. Eti wewe huwezi hata siku tatu. Nimewakanya, hawanisikii."

Nyati akafoka. Akaitisha mkutano, akaapa mbele ya wote kwamba kwa siku tatu ataishi kama mwanafunzi, na hatatia kinywani kitu kingine ila uji ule. Pimbi akauliza kwa sauti ndogo, akishindwa je, atautoa ufunguo? Nyati akakubali huku akicheka.

Mama Sidi alimpimia pipa zima, asije akasema amepunjwa. Siku ya kwanza Nyati alitembea kichwa juu. Siku ya pili alisinzia darasani, mwalimu akamwamsha mara nne. Siku ya tatu, kwenye kilima cha pili, alishindwa kuendelea. Akaketi njiani, watoto wakamzunguka, na Mama Sidi aliyekuwa akienda kupika akawafikia.

"Mama Sidi," alisema, "naona kizunguzungu. Nipe kunde, japo kidogo."

"Ghala limefungwa, mzee. Na ufunguo unao wewe."

Nyati akawatazama watoto mmoja mmoja, miguu yao myembamba, macho yao makubwa. Ndipo akaelewa.

"Hawa hawakujigamba, sivyo?"

"Hawakujigamba, mzee. Nguvu ya kujigamba wangeitoa wapi?"

Nyati hakukasirika. Aliinamisha shingo, Pimbi akauvua ufunguo.

Mchana ule kunde zilichemka shuleni, tokotoko, na harufu yake ikafika hadi madarasani. Sidi alikula polepole, akamaliza, akaomba tena.

Basi wanangu, anayepima chakula cha watoto, kwanza na aionje njaa yao.