Pimbi Aliyeingia Jikoni kwa Nyati

Zamani, wanangu, enzi zile wanyama walipokuwa wakifua nguo, wakisonga ugali na kugombania maji kama sisi, homa ya mafua iliingia kijiji cha Mbugani. Ilianzia kwa Pofu. Nyumba nzima ikalala chini, chafya huku, kikohozi kule, na bibi yao hata uji haukumpita kooni.

Mganga wa kijiji alikuwa Pimbi. Mdogo, mnene kidogo, mkia hana, lakini miguu myepesi na akili isiyotulia. Alikuwa na dawa ya chanjo, na alianza kwa Nyati, kwa sababu ndama mdogo wa Nyati alizaliwa na kifua kibovu, na Pimbi ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa.

"Hodi!"

"Karibu. Ila kama umekuja na sindano, rudi nayo," Nyati akanguruma. "Mwaka jana tuliugua wote, tukapona. Mwili umeshamjua mdudu huyo. Akija tena, walinzi wa mwilini wanamtupa nje, puu!"

"Ni kweli, mzee, mwili hukumbuka. Lakini yule kirusi wa mafua hubadili sura. Wa mwaka huu siye yule mliyemzoea."

"Sura! Kitu kisichoonekana kina sura?" Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga mlango, ko! "Nyumba hii ina ua wa miiba, na Kifaru yuko langoni. Haingii nisiyemtaka."

Pimbi akamtazama ndama aliyekuwa akicheza vumbini na kaka zake. Kila pumzi ilimtoka kama filimbi. Moyo ukamuuma.

"Basi tushindane, mzee. Nikiingia nikala chunguni mwako kabla jua halijazama, ukubali chanjo. Nikishindwa, sitalitaja tena neno sindano mbele yako."

"Nimekubali! Kifaru, mwangalie huyu vizuri. Asipite!"

Kifaru, ambaye macho yake hayakuwa na nguvu kama pembe yake, akainama akamnusa. "Kahawia," akakariri. "Hana mkia. Kahawia, hana mkia. Nimemshika."

Pimbi akatoka, akazunguka, akarudi vilevile alivyo ili amjaribu Kifaru.

"Kahawia! Hana mkia!" Kifaru akamsukuma kwa pua, puu! Pimbi akaangukia majanini.

"Aa, kumbe anakumbuka kweli," akasema, akijipangusa.

Akaenda kwenye jivu la Pofu, akajigaragaza mpaka akawa mweupe pe. Akasokota kamba ya katani, akajifunga nyuma. Akarudi langoni akiitikisa.

"Mweupe. Ana mkia," Kifaru akanong'ona. "Siye. Pita, mgeni."

Pimbi akapita akijizuia asicheke. Alikuwa amefika katikati ya uwanja jivu lilipompanda puani. Chyaa! Jivu likapukutika, kamba ikadondoka.

"Kahawia! Hana mkia!" Puu! Akajikuta majanini tena.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Pimbi akakaa akiwaza. Akishindwa, homa itaukuta mlango wa ndama yule wazi. Mara akamwona Mama Nyati akirudi shambani, tenga la matembele kichwani. Alipolitua apumzike, Pimbi akachupa ndani, chwi! Akajifunika majani.

"Shikamoo, mama," Kifaru akasema langoni. Mama wa nyumba hapekuliwi.

"Marahaba, mwanangu. Leo matembele yana uzito!"

Jikoni, Mama Nyati alipotoka kuchota maji, Pimbi akatoka tengani, akafunua chungu, akachota kunde. Tamu! Ndama wakamfuma.

"Shangazi Pimbi!"

"Shhh! Mnataka mchezo wa kumfundisha baba?" Akachana gunia la kahawia, akawavika vipande. "Nendeni uwanjani, kila mmoja aseme yeye ni Pimbi."

Yule wa kifua akabaki naye, ameziba mdomo asicheke.

"Mimi Pimbi!" "Mimi ndiye Pimbi!" Ndama wakatawanyika. Kifaru akageuka huku, akageuka kule. Kahawia kila mahali! Akakurupuka. Mtungi, kacha! Kichanja cha vyombo, parakacha! Akamkosa ndama, akaupiga ua, ukalala chini. Ngiri waliokuwa nje siku zote wakiumezea mate muhogo wa Nyati hawakungoja kukaribishwa. Wakaingia, kra-kra-kra, wakila.

"Kuna nini hapa?" Nyati akatoka mbio.

Pimbi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, shavu limejaa kunde.

"Umeingiaje wewe?"

"Nimebebwa na mkeo, mzee. Kirusi naye hufanya hivyo. Hujificha ndani ya chembe za mwili wako mwenyewe, akazilazimisha zitengeneze wengine kama yeye. Walinzi wakishtuka wanapigana kwa fujo, na ile fujo ndiyo homa na maumivu unayoyasikia. Na ua ukibomoka, bakteria waliokuwa wakisubiri pembeni wanaingia kama hao ngiri. Pofu yalimpata hayohayo: mafua kwanza, kichomi baadaye."

Nyati akautazama mtungi uliovunjika. Akamtazama Kifaru aliyekuwa akihema, ulimi nje. "Na hiyo chanjo inafanya nini?"

"Inamwonyesha Kifaru wa mwilini sura mpya kabla mwenye sura hajafika. Akija, anamjua pale pale langoni, bila kuvunja vyombo."

Nyati akainama karibu na Pimbi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Pimbi... hiyo sindano ni ndefu?"

"Kumbe!" Mama Nyati akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee mzima ulikuwa unaogopa sindano!"

Ndama mdogo akachanjwa wa kwanza, wala hakupepesa macho. Zamu ya baba ikafika.

"Fumba macho, baba," akasema ndama, akamshikilia mguu.

"Mooo!" Kijiji kizima kikasikia. Lakini homa ile ilipofika, ilizunguka nyumba ya Nyati, ikaacha chafya mbili tatu tu, ikaenda zake.

Basi, wanangu, mdogo anayejua kubadili sura humpita mkubwa anayetegemea nguvu tu, kwa hiyo mtambueni mapema, kabla hajaingia jikoni.