Kwa Nini Kila Msomaji Ana Kitabu Chake

Siku moja, kwenye kikao cha hadithi uani, walikuwapo Chausiku, mjane; Kombo, mchonga vinu, ambaye mwanawe alitoroka nyumbani; Mwinjaka, mchunga mbuzi; Bi Riziki, mgeni kutoka bara; na Makungu, mtambaji wa mji ule.

Zama hizo vitabu vilikuwa havijaandikwa, na watu wote walipenda hadithi moja kwa sababu moja, kama wapendavyo chumvi. Wasikilizaji walisuka ukili wa mikeka huku wakisikiliza, na kipimo kilikuwa mikono yao: hadithi ikiwaingia, mikono ilisimama. Kwa miaka mingi ilisimama kwa Makungu tu.

Siku hiyo Bi Riziki akasimulia habari ya mwanamke aliyekuwa akisubiri kivukoni. Basi, hakuna zaidi. Mikono yote ikasimama. Makungu alihisi amemeza kaa la moto.

"Mmependa nini pale?" aliwauliza walipokuwa wakitawanyika.

"Alivyomsubiri mumewe," alisema Chausiku.

"Mume gani? Ni mwanawe yule!" alisema Kombo.

Mwinjaka akacheka. "Nyinyi hamna masikio? Mama wa watu kapotelewa na mbuzi."

Kila mmoja aliapa kuwa ndivyo alivyosikia. Makungu akamwendea mgeni.

"Dada, alikuwa akimsubiri nani hasa?"

"Sikusema, kaka. Wewe ulimwona nani?"

Makungu hakuwa amemwona mtu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kikao kilichofuata akaitwaa hadithi ile, akaitengeneza vizuri: aliyesubiriwa ni Sefu bin Mwinchande, kaka wa yule mwanamke, mwenye kilemba cheupe na chongo. Wasusi hawakuacha kusuka.

"Mzee Makungu," alisema Chausiku, machozi yakimlenga, "huyo Sefu wako mwondoe. Amesimama mahali pa mume wangu."

"Na pa mbuzi wangu," alisema Mwinjaka, safari hii bila kucheka.

Na tangu siku hiyo, watu hawapendi tena hadithi moja kwa sababu moja. Msomaji hukumbatia kitabu ambacho mwenzake hukifungua asione kitu. Ukimwuliza sababu atakusifia kisa na lugha. Lakini mtu aliyemkuta humo hakutajii. Na watunzi wangali wanaoneana wivu.

Naye Makungu, baada ya kikao kile, alikwenda kumwomba Bi Riziki amsimulie tena, yeye peke yake, polepole. Wenyeji wa mgeni huyo walimkaribisha, wakampa kiti, wakamwambia kuwa Bi Riziki amefariki.