Kidumu cha Atupele na Fomu ya Nafasi Tatu

Hii nimetumiwa jana, nimeisoma mara mbili nikaona nisikae nayo peke yangu. Kama una mtoto anaanza shule, au una mdogo wako, isome mpaka chini halafu umpelekee na mwenzio.

Kulikuwa na shule moja juu ya kilima, upande wa mashamba ya chai. Kila mwanafunzi alitakiwa afike na kidumu cha maji kutoka chemchemini, ayamimine kwenye pipa ndipo aingie darasani. Siku ya mvua walisamehewa, kwa sababu pipa lilijazwa na maji ya bati.

Darasa la kwanza aliingia mtoto anaitwa Atupele. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi, anatembea kwa mkongojo. Mama yake alikuwa mchuma chai, anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mtoto anakwenda shule mwenyewe, mkono mmoja mkongojo, mkono mmoja kidumu, maji yanamwagika, anarudi kuchota tena, anafika kengele imeshalia.

Mwalimu Mwaisaka, msaidizi wa mkuu wa shule, ndiye aliyekaa getini na daftari la zamu. Anayechelewa anaandikwa, anabaki nje hadi saa nne. Jina la Atupele liliandikwa mpaka kalamu ikalizoea.

Mwezi wa pili ikaja fomu kutoka wilayani, ya Kiingereza, ya watoto kama Atupele. Ilikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza impairment, ya pili disability, ya tatu handicap. Mwaisaka akajaza zote tatu neno moja, kilema. Chini akapendekeza mtoto ahamishwe, apelekwe bweni la mbali, safari ya siku mbili kwa basi.

Mama akaitwa aje kusaini. Alikuja na kanga yake ya kazini, majani ya chai bado yamemng'ang'ania. Kalamu akapewa, akaishika, hakusaini. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo mtoto wa miaka saba atalia siku ngapi kabla hajazoea.

Mkuu wa shule, Mwalimu Lugano, akaichukua ile fomu akaisoma. Akauliza kwa nini nafasi tatu zina jibu moja.

"Mkuu, hicho ni Kiingereza tu," Mwaisaka akasema. "Kwetu yote ni kilema. Na huyu siku kavu anachelewa, mvua ikishika je? Tutamzoa kwa beleshi."

Walimu wengine wakacheka kidogo. Mama akatazama chini.

Lugano hakubishana naye. Akaomba daftari la zamu. Mwaisaka alikuwa mtu makini, kila siku aliandika tarehe na hali ya hewa, ili ajue siku ya kudai maji. Mkuu akamwambia asome kwa sauti.

"Jumatatu, kavu, Atupele kachelewa. Jumanne, kavu, kachelewa. Jumatano, mvua kubwa…" Kidole kikashuka, kikapanda tena. "Hayupo."

"Hakuja shule?" mkuu akauliza.

Wakafungua daftari la mahudhurio. Alikuja. Wakaangalia siku nyingine ya mvua, alikuja, hakuchelewa. Nyingine, hivyo hivyo. Siku zote za matope, zile ambazo watoto wenye miguu miwili mizima walikuwa wanateleza, Atupele alipita getini kabla ya kengele.

"Mimi naandika wanaochelewa," Mwaisaka akasema taratibu. "Anayewahi simwangalii."

Mkuu akatoa fomu mpya. Nafasi ya kwanza, akasema, inauliza mwili una nini, akaandika mguu wa kushoto ni mfupi. Ya pili inauliza mwili huo unashindwa kufanya nini, akaandika hawezi kukimbia, wala kubeba mzigo huku ameshika mkongojo.

Kwenye ya tatu akawageukia walimu wenzake.

"Hii haiko mwilini mwa mtoto," akasema. "Inauliza sisi tumemwekea nini njiani."

Akaandika: kidumu cha maji, kimewekwa na shule. Pembeni yake akasaini jina lake mwenyewe. Sehemu ya kuhamishwa akaikata kwa mstari.

Mama hakuwa ameelewa sawasawa, yeye alikuwa anaangalia ile kalamu tu. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, "Mwalimu samahani, niambie tu, kwa hiyo mwanangu anaondoka au haondoki?"

"Mwanao aende wapi, Mama Atupele? Kinachoondoka ni kidumu."

Jumatatu iliyofuata ilikuwa kavu, mbingu nyeupe, vumbi njiani. Mwaisaka alikaa getini na daftari lake. Atupele akapita na mkongojo, mkono wa pili mtupu, akamwamkia, shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba. Kisha akatazama saa, akatazama juu kama kuna wingu. Kengele ilikuwa haijalia.

Funzo: Kabla hujasema mtu fulani hawezi, tenganisha kile alichozaliwa nacho na kile ulichomtwisha wewe, kwa sababu cha pili unaweza kukitua leo.