Mkeka Uliofuata Pumzi za Raya

Mshono wa mwisho wa mkeka ulipigwa Jumatano, saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja cha Pemba. Chumbani walikuwa watu watatu, na kila mmoja aliutaka.

Raya alikuwa na maumivu ya viungo kwa miaka kumi na moja, na kipaji cha kuyaeleza. Kombo alijua kuchemsha magome ya mkoko na manjano mpaka ukindu, yale majani ya kusukia, ukapata rangi aliyotajiwa. Mize alisuka bila kutazama mikono yake.

Kwa miezi mitatu walitengeneza mkeka wa kufuata maumivu ya Raya, na kila asubuhi Kombo alisimama mlangoni.

"Leo maumivu yakoje, mwanangu?"

"Kama makaa chini ya majivu, ami. Na mtu anayapuliza."

Kombo alichovya ukindu, akauanika, akamletea. Raya akatikisa kichwa. Siku hiyo alikataa mara saba.

"Hata bibi harusi hachagui hivi!" alinung'unika Kombo, akarudi jikoni.

Mize alikaa kando ya kitanda, macho usoni mwa Raya. Raya akibana pumzi, Mize alikaza ukili, ule utepe aliousuka; Raya akiishusha, aliulegeza. Raya, nusu macho nusu usingizini, aliuona ukili ukishuka mapajani mwa Mize, ukitambaa sakafuni, ukipenya ukutani kana kwamba ukuta ni maji. Maumivu yalitoka magotini, yakaufuata polepole.

Siku ya arobaini Raya alipiga ukelele, na Mize akaruka chane moja ya ukindu. Msukaji akikosea hufumua. Mize alikwisha kuanza Raya alipomshika mkono.

"Usiguse, bi Mize. Hapo ndipo maumivu yalipogeuka."

"Wenzangu watanicheka, mwanangu."

"Waambie nimekosea mimi."

Kombo alichungulia kutoka mlangoni. "Lirudie kosa hilo kila baada ya shubiri," alisema. "Likirudiwa litakuwa ua."

Likawa ua. Majirani walikuja kulitazama, wakasahau walichokuwa wakisema.

Sasa mkeka ulikuwa umetandikwa. Ulishonwa kwa ukili mmoja mrefu. Ukikatwa ili ugawanywe, mkeka wote hufumuka.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa," alisema Mize. "Mama humpa bintiye mkeka wa mikono yake. Mimi miezi mitatu nimesuka huu tu."

"Na mimi watu wameniacha kwa rangi za dukani," alisema Kombo. "Ukitundikwa kwenye maonyesho mjini, watarudi. Usipotundikwa, nafunga jiko."

"Nami nataka kuulalia," alisema Raya.

"Mwanangu, maumivu ni yako," alisema Kombo. "Lakini maumivu si mkeka."

"Basi chukua mkeka, ami. Uchukue na maumivu yake."

Mize alicheka.

Raya aliteremka kitandani, akashika ukuta, akajilaza juu ya mkeka. Kwa mkono alilitafuta lile kosa la kwanza, akaweka goti hapo. Chumba kilianza kwenda mbali, pamoja na sauti zao.

Saa saba mchana alikuwa bado amelala, magoti yamenyooka. Mize hakuwahi kuyaona yakinyooka. Yeye na Kombo walisimama kizingitini, viatu mkononi, na hakuna aliyemwamsha.

Haya, nyinyi mliosikia: atakapoamka, mkeka mtampa nani?